Watu Watatu Juu ya Paa

Bodo, 9 Februari 2025

Mwanangu Jaafar,

Assalaam aleikum. Barua hii ikukute na afya, na jua la Lodwar liwe limekubakizia nyama mwilini. Sisi hapa tu wazima. Swabir wangu amerudi kazini Matuga. Huja Ijumaa na watoto wake, wakamaliza ndizi zote na kuniachia kelele masikioni mpaka Jumatatu. Shemeji yangu Suleiman yuko barazani kila asubuhi. Hupiga hodi, huuliza kutoka nje ya pazia kama kuna ninachohitaji, kisha huketi akasoma gazeti la juzi kana kwamba limetoka leo. Kuku wa kijivu ametotoa, na mwewe keshaanza kujipigia hesabu.

Siku ya mazishi uliniuliza nitafanya nini humu ndani mpaka eda iishe, mimi niliyezoea kushinda nje nikishona makuti na wenzangu. Nikakwambia nitaandika ile hadithi ya jinsi tulivyoonana, mimi na marehemu. Nilisema tu ili unyamaze. Wewe ukaichukua simu yangu, ukaniingiza katika hilo kundi lenu la waandishi, Wino Mmoja. Nikushukuru au nikugombeze, bado sijaamua.

Niliingia kama mtu anavyoingia nyumba ya watu. Nilitoa salamu. Nilimsalimu kila mmoja kwa jina lake, niliyemdhania mkubwa nikampa shikamoo yake, nikauliza na hali za nyumbani. Nao ni watu mia na ushei, Jaafar! Kazi hiyo ilinila asubuhi nzima. Adhuhuri yule mkuu wa kundi, bwana mmoja aitwaye Gilbert, akaandika kwamba tafadhali, hapa tunaleta kazi za kuandika tu, salamu zinajaza simu za watu. Nilizima simu nikaenda kupeta mchele. Ni watu gani hawa wanaosomeana mambo ya moyoni na hawataki kujuliana hali?

Baadaye mama mmoja, Loice, anayefua nguo katika hoteli huko Diani, akaniandikia pembeni: "Shikamoo mama. Usijali Gilbert, yeye ako hivyo na kila mtu. Tuletee tu story yako." Kwa ajili yake sijatoka.

Nimeliona jina lako mle ndani. Hadithi zako sikuziona. Waziweka wapi?

Ni mimi shangazi yako,
Maimuna


Lodwar, 3 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani Karimu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Barua yako imechukua wiki tatu njiani. Walimu wenzangu hunicheka nikienda posta, na mimi huwaambia kwamba shangazi yangu ananiandikia tangu nilipokuwa bweni, na kwamba kwa simu hasemi lolote la maana ila "sisi wazima, haya, kwaheri."

Nimecheka mpaka nikaketi chini kwa habari za salamu zako. Usimchukie Gilbert. Anafundisha Bungoma, ana wanafunzi wengi na uvumilivu kidogo, lakini hakuna hadithi iliyoletwa pale akaacha kuisoma mpaka mwisho. Hiyo ndiyo salamu yake.

Nikwambie kwa nini nilikuingiza. Mwaka wangu wa kwanza huku sikuwa na mtu wa kuongea naye kitabu. Nikisema nasoma hadithi, watu waliniuliza kama ni za mtihani. Nikaingia Wino Mmoja, nikakuta kuna dereva wa lori, Owen, ambaye husimamisha gari kituoni ili amalize ukurasa. Kuna mama ana duka la dawa, huandika wateja wakipungua. Nilijiona si mwendawazimu peke yangu. Nikaona na wewe wastahili hilo, hasa wakati huu.

Je, unalala? Daku unaamka kula, au unakunywa maji tu ukasema umekula? Tangu mazishini nakuona vile ulivyokaa, umenyooka, unawagawia watu chai. Niambie ukweli.

Hadithi zangu zipo, zinasubiri.

Mwanao,
Jaafar


Bodo, 22 Machi 2025

Mwanangu,

Waaleikumu salaam. Tumeingia kumi la mwisho la Ramadhani na hatujambo. Uji ninakunywa. Vifaranga wanakua na wamejifunza kujificha chini ya jiko. Mbaazi za mwaka huu ni tamu, nitamfungia Swabir akutumie. Na hizo hadithi zako zinasubiri nini, gari?

Sasa nikupe yangu. Nimeipeleka hadithi.

Unaijua, nimekusimulia. Hoteli moja Diani ilikuwa ikijengwa, vijana watatu wakapelekwa kuezeka makuti, na mimi nikawa nawapelekea chai na mahamri. Mmoja wao akiwa chini alikuwa hasemi kitu. Akipanda juu ya paa, akiniona natokea na kikapu, anaimba. Sikuinua macho hata mara moja, haya zilinizuia, lakini nilijua ni nani. Mpaka siku alipoteleza, mwenzake akamrushia kamba, na mimi nikapiga ukelele mbele ya mafundi wote. Ikawa nimeshajifichua, akaleta posa.

Niliweka yote hayo, nikangoja wanisifu. Gilbert akawa wa kwanza. Akasema: "Mama, nimesoma mara mbili. Juu ya paa kuna wanaume watatu. Nani ameimba? Nani ameteleza? Nani amerusha kamba? Wote umewaita yeye. Huyu mtu mpe jina, la sivyo msomaji anaanguka kabla yake."

Nilichomeka, sikufichi. Lakini kesho yake niliisoma kwa macho yake, nikaona ana haki. Jaafar, miaka yote hii naandika, najisomea, naona tamu, kisha nawashia jiko. Hakuna aliyewahi kuniambia hapa umepatia, hapa umepotea. Leo mtu wa Bungoma ambaye sijui hata sura yake ameketi akasoma mara mbili, akanitafutia pahali nilipopotea. Ameniudhi, na nimempenda kwa hilo. Na Loice anasema kipande cha kikapu alikisoma akiwa kwenye pasi, akaunguza shuka la hoteli.

Nimerekebisha. Yule fundi wa tatu, Rai, nimempa jina lake. Shemeji Suleiman nimempa lake, maana naye alikuwa juu ya paa siku zile. Lakini mwenyewe sikuweza. Wajua mwanamke wa nyumba zetu hamtaji mumewe. Mama yangu alipokwenda kuandikisha kitambulisho, akaulizwa jina la bwana, aliinamisha kichwa mpaka karani akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nikimwita Baba Swabir, na maisha yalikwenda. Sasa katika hadithi Swabir hajazaliwa. Hata kuoana bado! Nitamwita baba wa nani?

Wale wanasema ni rahisi, andika jina tu. Nimeishika simu nikajaribu. Mkono umekataa.

Shangazi yako,
Maimuna


Bodo, 11 Aprili 2025

Mwanangu Jaafar,

Natumai u mzima. Idi ilipita kwa salama, watoto wa Swabir walikula biriani wakalala sakafuni. Mvua imeanza kidogo kidogo.

Barua hii ni fupi. Gilbert alinitumia ujumbe wa sauti, anaeleza mambo ya mwanzo wa hadithi. Mimi nikaufungua, na sauti ya simu nilikuwa nimeiweka juu kabisa kwa sababu ya adhana. Dirisha wazi. Jirani yetu Bi Esha alikuwa anaanika nguo, akasikia sauti nzito ya mwanamume chumbani mwa mwenye eda, inasema, "Mama, mimi nakusubiri."

Alikuwa ananisubiri nimalize ukurasa wa kwanza. Lakini nenda ukamweleze Bi Esha.

Shemeji alikuja nyuma ya pazia, hakunifokea. Alisema, "Maimuna, mimi nakujua, lakini watu hawajui. Ndugu yangu hajamaliza hata nusu mwaka kaburini. Hao wanaume unaozungumza nao ni akina nani?" Ni akina nani, kweli? Nikampa simu aniwekee mpaka eda iishe, na akiona haifai hata baada ya eda, basi.

Usifanye neno, na usimwambie mtu. Mimi sina shida. Nashona makuti humu humu ndani.

Maimuna


Lodwar, 28 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimebaki na wanafunzi wasiokwenda kwao likizo, ndiyo maana sikuja pwani. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale posta.

Sasa nimeelewa. Tangu baada ya Idi, Wino Mmoja wanakuulizia. Wa kwanza kuuliza alikuwa Gilbert mwenyewe: "Mama wa salamu yuko wapi? Nimemkosea?" Owen akasema labda simu imeharibika. Loice akasema mtu wa kuamkia watu mia hanyamazi bure. Na mimi, mwanao, nilinyamaza kwa sababu sikujua.

Unasema huna shida. Shangazi, barua yako yote haina kuku hata mmoja. Hapo ndipo nilipojua unaumia.

Uliniomba nisimwambie mtu. Nimemwambia Loice. Nigombeze nikija Agosti.

Kuna jambo nalo nimekuwa nikikukwepa. Umeniuliza mara mbili hadithi zangu ziko wapi. Nina miaka minne katika kundi lile na sijapeleka hata ukurasa mmoja. Nasoma za watu, nasema vizuri, hongera, endelea. Zangu naziogopea. Nilipokuingiza wewe nilijiambia nakusaidia, lakini nilikuwa pia nakutanguliza nione kama inauma. Nikaona inauma. Kisha nikaona ulivyorudi kesho yake na hadithi iliyorekebishwa, mtu uliyefiwa, uliyefungiwa, na mimi mwenye afya yangu nimejificha nyuma yako. Nimeona aibu kubwa.

Kwa hiyo usiniambie imekwisha. Ile ndiyo hadithi ya pekee ya marehemu iliyopo. Sisi tulimjua akiwa mzee wa kikohozi na redio. Wewe ndiye uliyemwona kijana juu ya paa. Usipoiandika, amekwenda nayo.

Mwanao,
Jaafar


Bodo, 12 Mei 2025

Jaafar, mwanangu,

Kwanza nakugombeza. Umeambiwa usiseme, umesema. Basi nimeshakugombeza.

Jumamosi nimepika maharagwe ya nazi, nasikia hodi, sauti za wanawake nisizozijua. Mmoja mrefu, amejitanda kanga ya kuazima na hajui kuishika, inamteleza kila saa. Ndiye Loice. Mwenzake ni Mbodze, anauza vitenge huko Bongwe na huandika mashairi, naye pia yumo kundini, ila ni mpole sijapata kumsikia. Walileta sukari na majani ya chai kama inavyotakiwa. Walinipa mkono wa pole, wakaketi mkekani. Nilikuwa sijawahi kuwaona, na nikajikuta nawauliza habari za watoto wao mmoja mmoja.

Loice alikuwa ameichapisha hadithi yangu kwenye karatasi, maana walijua simu sina. Pembeni walinakili maneno ya wenzetu. Akasema, "Mama, tumekuja tuimalize pamoja. Nisome?" Nikamwambia asome.

Sasa shemeji Suleiman yuko barazani na gazeti lake, pazia tu katikati. Loice ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya uwanja. Akasoma: vijana watatu, hoteli, chai. Akafika pale: "Suleiman alikuwa ameshika boriti. Nikatokea na kikapu. Akaanza kuimba, na moyo wangu ukanienda mbio." Gazeti likaacha kuchakacha. Akaendelea mpaka kwenye kamba, mpaka kwenye posa, mpaka "tukaoana mwezi wa mfungo sita." Akaweka karatasi chini, akafuta machozi, akaniambia, "Mama, pole sana. Kumbe huyu Suleiman alikupenda hivi. Mungu amlaze pema."

Nje kukatoka kikohozi cha mtu aliyepaliwa na chai.

"Mimi niko hapa!" shemeji akasema. "Mimi ni mzima! Na sikuimba mimi, sijaimba maisha yangu!"

Loice alinikodolea macho. Mbodze akaficha uso ndani ya kanga, mabega yanatikisika. Mimi nilitaka sakafu inimeze. Tangu niwape wengine majina na marehemu nimnyime, kila alichokifanya kilikuwa kimeangukia kwa nduguye, na mimi nilikuwa sijaona, kwa kuwa mimi najua ni nani aliyeimba.

Shemeji alisimama karibu na pazia. Nilingoja aseme kwamba hadithi imekwisha, na watu wasije tena. Kisha sauti ikamtoka ya chini, si ile yake ya kila siku.

"Siku ile ya kuteleza ni mimi niliyemrushia kamba. Rai alikuwa upande wa pili. Weka sawa hapo."

"Nitaweka, shemeji," nikasema.

"Na alikuwa anaimba vibaya. Hilo mbona hukuliandika? Mafundi wote walikuwa wanamzomea."

"Kwangu alikuwa anaimba vizuri."

Akacheka, Jaafar. Sijamsikia akicheka tangu mazishini. Akauliza, "Hawa ndio watu wa kwenye simu?"

Loice akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha bara: "Ndio sisi, mzee. Na wale wanaume ni walimu na dereva. Wanabishana tu juu ya hadithi. Huyu mama akinyamaza, group yote inakuwa baridi."

Nikamsikia shemeji akilikunja gazeti. Halafu akasema, "Maimuna, sikiliza. Mimi nina mke na wajukuu. Mwandike mtu kwa jina lake. Andika Mwero. Ndugu yangu aliitwa Mwero. Mwandike kabla hujaniozesha mke wake katika simu za watu mpaka Bungoma."

Kesho yake simu ilikuwa juu ya kizingiti. Amenunua na zile nyuzi za kuchomeka masikioni, akasema huyo bwana wa sauti nzito nimsikilize kwa hizo, Bi Esha apumzike.

Jina sijaliandika bado. Nimeamriwa na mwenye haki ya kuniamrisha, na bado. Uniombee.

Shangazi yako,
Maimuna


Bodo, 8 Juni 2025

Mwanangu mpenzi,

Sijangoja jibu lako. Eda imekwisha, nimeoga, nimetoka. Jambo la kwanza nimekwenda kaburini na Swabir, la pili nimekwenda kwa Bi Esha nikanywa chai yake ili asihangaike. Kuku wa kijivu ameanza kutaga tena, utafurahi.

Nimeiona hadithi uliyoipeleka Wino Mmoja wiki jana. Nimeisoma mara mbili, kwa Gilbert nimejifunza adabu hiyo. Yule mwanafunzi anayechota maji ni hai, namwona. Ukurasa wa pili unahubiri, ufute wote. Ukiumia, kesho yake isome tena.

Na mimi nimepeleka yangu. Niliandika jina asubuhi, baada ya kufagia. Kwanza nililitamka nikiwa peke yangu, polepole, nikageuka kutazama kama kuna mtu. Miaka thelathini na zaidi nimekaa na mtu yule, nimemzalia, nimemuuguza, nimemfumba macho, na lile neno halikuwa limepita mdomoni mwangu. Ni jina fupi tu. Nikaliandika kila pahali palipokuwa na neno yeye. Nikabonyeza, nikaiacha simu juu ya mkeka nikaenda kulisha kuku.

Niliporudi walikuwa wameanza. Owen, sijui yuko barabara gani, kaandika: "Mwero alikuwa anaimba wimbo gani?" Mama wa duka la dawa: "Mimi ningekuwa Mwero ningeteleza makusudi." Loice: "Mwero wetu." Mbodze, yule mpole, kapeleka beti mbili, kila ubeti unamwita. Gilbert akasema ukurasa wa kwanza sasa umesimama, na kwamba Mwero asiimbe mara tatu, mara mbili zatosha. Wakaanza kubishana, mmoja anasema Mwero afanye hivi, mwingine anasema hapana, Mwero asingefanya hivyo, si mtu wa namna hiyo. Watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja! Ilikwenda hivyo kutwa nzima, Mwero, Mwero, mpaka nikawa nalisikia nyumbani kama zamani mama yake alivyokuwa akimwita kutoka uani.

Ulikuwa ukiniuliza kama nalala na kama nakula, nami nikikujibu kwa vifaranga. Nilijua unachouliza. Sikumlilia, Jaafar. Si mazishini, si ndani ya eda, wala kaburini juzi. Nilikuwa nagawa chai. Siku hiyo niliketi mkekani, simu mapajani, nikamlilia mume wangu kwa jina lake.

Wasalaam,
Maimuna, mke wa Mwero